Pigo la Saba

Tabia moja kaka yangu hakuiacha mpaka alipofariki mwaka jana: akiingia nyumba yoyote, kabla hajasalimia watu, aliweka kiganja kwenye friji akatulia kidogo, akiusikiliza mngurumo wake. Mama alizoea kumwuliza, "Wewe, aliyekuzaa ni mimi au friji?" Naye alicheka tu, mkono hautoi.

Alifanya kazi miaka ishirini na mitatu katika kiwanda cha vifuniko vya makopo, kwenye mashine moja tu, ile inayogonga bati. Ilikuwa kuukuu. Kila pigo la saba lilichelewa, likafuatwa na mlio mrefu wa chuma kusaga chuma. Wenzake waliulaani mlio ule, yeye aliupenda. Akawashawishi wawili, mchomeleaji aliyejua gita la umeme na mpakiaji aliyepiga ngoma. Wakainasa mashine ikiwa kazini, kisha wakapiga juu yake muziki mzito, na sauti ya kaka humo ndani kama ya mtu aliyefungiwa kwenye tangi. Nyimbo nane. Albamu wakaiita *Pigo la Saba*.

Mtangazaji wa redio aliwarudishia nakala waliyompelekea. "Jamani, hapa mmeninasia ajali." Nakala nyingi zilibaki chini ya kitanda cha kaka. Mimi nami niliona aibu, na miaka ikapita kabla sijaisikiliza yote. Wimbo wa tano unakungojesha lile pigo hadi unajikuta umezuia pumzi. Sijasikia kitu kingine cha namna ile.

Mtu pekee aliyeisikiliza kwa makini siku zile ni fundi wa mitambo wa kiwanda. Kaka alimpa nakala kwa furaha. Kesho yake fundi akaja na spana.

"Nimesikia wimbo wako wa tatu, bwana. Beringi ya mashine imekwisha. Mwezi mmoja zaidi mtu angekatwa mkono."

"Na wimbo wenyewe umeuonaje?"

"Wimbo gani? Nakwambia beringi!"

Akaibadilisha. Mashine ikaenda kama saa, pigo la saba likawa kama mengine, na mlio ukaisha. Kiwanda kizima kilicheka wiki nzima kwamba msanii amejishtaki mwenyewe.

Walijaribu albamu ya pili, haikutoka. Waligonga mapipa kwa nyundo, zikasikika nyundo na mapipa, basi. Mchomeleaji akahama, mpakiaji akachoka. Kaka akabaki na mashine yake. Alipewa usimamizi wa stoo, akakataa. Vizibo vya masikio walivyogawiwa hakuvivaa, asije akapitwa. Chuma nacho huchakaa, alisema, ni kungoja tu. Mkewe aliniambia, "Wifi, mwenzenu yuko kifungoni, na funguo anazo mfukoni."

Nilimtafutia nafasi ya kufundisha karakana katika chuo ninachofanyia kazi. Chumba kina madirisha mapana, na kelele ni za watu tu. Ilibaki sahihi yake. Siku nne kabla ya kifo chake nilimpelekea fomu getini, saa ya mapumziko. Aliisoma yote, vidole vyake vikiacha alama za grisi pembeni.

"Utatia sahihi?" nikamwuliza.

Hakusikia. Nikarudia. Mara ya tatu nilimpigia kelele sikioni mpaka mlinzi akageuka. Kaka aliikunja fomu taratibu, akanirudishia.

"Mdogo wangu, nikitoka, siku mashine itakapoanza tena kuchelewa, ataisikia nani?"