Redio ya Zabibu

Tuliingia Songea asubuhi, nami sikujua hata stendi iko upande gani. Zabibu, mwenye pikipiki, hakuwa amezima injini tangu aliponipakia Namtumbo. Tuliposimama kunywa chai njia panda ya Hanga, aliiacha ikinguruma kando ya benchi, akiibembeleza kwa Kiyao.

“Nikizima huenda isiwake,” aliniambia. “Na kiki sipigi.”

Goti lake la kulia liliwahi kuvunjika. Bila kitufe cha stata hana kazi, na kule kwao Nalasi, wilayani Tunduru, ndiye anayewakimbiza wajawazito zahanati. Betri alishabadilisha, lakini kila akiamka anaikuta imekufa. “Fundi huyu tunayemwendea akishindwa, naiuza.”

Fundi Romanus alikuwa barazani kwake, karibu na soko.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Zima, tusikilizane.”

“Nikizima nalala hapa.”

“Ugali upo. Zima!”

Akazima. Romanus akafungua waya wa hasi, akaunganisha mita ya kupimia umeme kati yake na betri. “Usiguse stata, utaniunguzia mita.” Swichi ilikuwa imezimwa, lakini mita ilionyesha moto wa betri unapita.

“Pikipiki imelala, kuna mtu anakula.”

Akachomoa waya wa honi, mita haikubadilika. Akachomoa wa redio ndogo iliyofungwa kwenye usukani. Namba zikashuka karibu na sifuri.

“Nani aliifunga hii moja kwa moja kwenye betri?”

“Shemeji yangu, Ibra. Ili kaswida iimbe hata nikizima injini, wateja wajue nilipo. Lakini usiku naizima!”

“Unaifunga mdomo. Tumbo liko wazi, linakula betri usiku kucha.” Romanus akacheka mpaka akashika ukuta. “Watu wa Tunduru! Niitupe?”

“Thubutu! Akina mama wananijua kwa hiyo.”

Romanus akaihamishia kwenye swichi, ipate moto pale tu pikipiki ikiwa imewashwa. Kisha akarudisha waya wa hasi. “Sasa tuone kama inajaza.”

Zabibu akabonyeza, ikakohoa, ikashika. Mita ikiwa kwenye ncha mbili za betri, akavuta mafuta, na volti zikapanda kutoka kumi na mbili hadi kumi na nne.

“Inachaji vizuri. Betri haina kosa. Kosa ni shemeji.”

Zabibu akazima mwenyewe, bila kuambiwa. Akabonyeza. Ikawaka. Akazima tena, akatutazama kama aliyetukamata tukisema uongo, akabonyeza tena.

“Wewe unabaki?” akaniuliza.

“Nabaki.”

“Mimi leo Tunduru mjini, kesho kwangu, inshallah.”

Mbele kidogo alisimama kwa muuza parachichi, akazima injini, akabishana bei bila haraka yoyote. Halafu akawasha, akashika barabara ya Namtumbo.