Mikorosho ya Njia ya Baiskeli

Asubuhi za utoto wangu zilinuka gundi ya kuzibia pancha. Mjomba Saidi, kaka yake mama, alikuwa akiipindua baiskeli uani, magurudumu juu, na kabla jua halijachomoza vizuri nasikia spoki zikilia chini ya vidole vyake, na mpira wa ndani ukizamishwa kwenye beseni la maji ili aone wapi panatoa mapovu. Sijui kwa nini baiskeli ile ilichagua siku za gulio kupata pancha. Labda ilikuwa imechoka, kama tunavyochoka sote. Baba yangu alifariki kabla sijajua kutembea, na kwetu Wamwera mjomba ni mzazi hasa, si mgeni wa sikukuu. Chumvi, sabuni, kanga za mama na ubao wangu wa shule vilitoka kwenye karia ya baiskeli hiyo, iliyopeleka ufuta na kuku kutoka kwetu Naipingo mpaka soko la Nachingwea.

Nazungumzia miaka ile ambayo wazungu walikuja kulima karanga, na Nachingwea ikageuka mji mbele ya macho yetu. Sisi wa vijijini tulichopata katika mji huo ni baiskeli. Siku ya gulio ziliteremka kutoka Ruangwa na Chinongwe, zimebeba magunia, mikeka, hata mbuzi aliyefungwa miguu. Mwanamume asiye na kengele alionekana kama amesahau kofia nyumbani. Walipaka madigadi rangi, wakafunga vitambaa kwenye usukani, na bibi harusi aliyeletwa kwa karia alisimuliwa mwaka mzima. Lakini barabara ilikuwa ya malori. Lori halikupisha mtu. Ukisikia mngurumo unajitupa majanini na mzigo wako, unakula vumbi, halafu unaanza tena kufunga kamba. Siku moja rafiki yake mjomba, Bakari wa Mtua, hakuwahi kujitupa. Walimkuta mtaroni amekufa, na kuku wake bado wazima, wananing'inia kwenye usukani wakipiga kelele. Mama alikuwa miongoni mwa wanawake waliomfunika kwa kanga zao.

Baada ya mazishi mjomba aliwakusanya wenye baiskeli, wakaenda kumwona bwana mmoja anayehusika na barabara. Waliomba njia yao ya pembeni. Bwana yule akawajibu kwamba barabara ni pana, inamtosha kila mtu mwenye akili. Wakarudi nyumbani, wakachukua majembe. Naikumbuka kazi ile kuliko sikukuu yoyote. Wanaume walipanga mstari kando ya barabara na kulima njia kuelekea mjini, na wanawake tuliwafuata na vibuyu vya uji wa mtama. Walipomaliza, mjomba alinipakia kwenye karia, tukaijaribu. Udongo ulikuwa laini na baridi, majani yalinigusa magoti, na lori lilipopita kule barabarani mjomba alilipigia kengele kwa dharau. Nilicheka mpaka nikakaribia kuanguka.

Masika yalipokuja, malori yakaanza kuyakwepa matope ya barabarani kwa kupita juu ya njia yetu. Hapo ndipo mjomba alipotoa shauri lake. Tupande mikorosho katikati ya barabara na njia, alisema, ili njia iwe na ukuta. Aligawa mbegu mwenyewe, na kila mwenye shamba akapanda mbele ya shamba lake. Mama naye alipanda ya kwetu. Watu wote wale walizaliwa wakijua kwamba kwetu mwenye mti ndiye mwenye ardhi iliyo chini ya mti, lakini hakuna aliyelisema. Walikuwa wakiyaangalia malori.

Miti ilikua, na matawi yakavuka njia. Msimu ule miti ilipozaa vizuri kwa mara ya kwanza, mimi nilikuwa namaliza darasa la nne. Mabibo yalianguka, harufu yake tamu ikajaa kila mahali, na nyuki wakafuata. Korosho huokotwa chini, na ili uzione lazima pafagiliwe, kwa hiyo kila mwenye miti akafagia chini ya miti yake, na chini ya miti ndipo palipokuwa na njia. Kwanza wakalalamika kwamba magurudumu yanazididimiza korosho udongoni. Kisha wakasema wapita njia wanaokota. Asubuhi moja jirani akaiziba njia kwa matawi ya miiba, upande huu na upande ule wa miti yake. Kabla msimu haujafika katikati, kila shamba lilikuwa na miiba yake. Mjomba alizunguka nyumba kwa nyumba akiwasihi, na kila nyumba ikamjibu kwa heshima kabisa: mti wangu, Saidi, na mbegu ulinipa mwenyewe.

Mwisho akaja kwa dada yake. Nilikuwa nimechuchumaa nikinyonyoa korosho kwenye mabibo, vidole vinawasha kwa utomvu.

"Dada, anza wewe," alisema. "Ukiondoa miiba yako, wengine wataona haya."

Mama aliendelea kufagia. "Mtoto kachaguliwa shule ya kati, kaka. Ada yake ndiyo hii unayoikanyaga."

"Mimi nipite wapi?"

"Pita barabarani. Nenda polepole."

"Hata Bakari alikuwa anakwenda polepole."

Mama aliacha kufagia. Nilimwona ameshika fagio kwa mikono miwili, na nilijua kwamba neno moja tu la kukubali lingeninyima shule niliyoitaka kuliko kitu chochote duniani. Kisha akainama, akafagia tena. Miiba haikuondoka.

Mjomba hakugomba. Gulio lililofuata alipita barabarani. Tangu siku hiyo mama akiwa anatwanga na lori likanguruma mbali, mchi ulisimama hewani mpaka sauti ipotee. Mjomba mwenyewe ndiye aliyenipeleka shuleni, sanduku langu nimelipakata kwenye karia, na kila lori lilipotokea tulishuka majanini tukageuza nyuso. Hakunilaumu hata kwa kunitazama. Hakugongwa. Aliendesha hivyo miaka mingi, na siku moja, nikiwa likizo, alirudi mapema, akaiegemeza baiskeli ukutani, akaketi. "Nimechoka kuogopa," alimwambia mama. Hakuipanda tena. Alikwenda gulioni kwa miguu, ufuta kichwani, hadi uzee ulipomzuia kwenda popote.

Mimi nilikuwa mwalimu, nikastaafu, nikarudi Naipingo. Siku hizi ni pikipiki zinazokimbia kama zimeiba, na malori ya siku hizi ni makubwa kuliko yale. Wanafunzi wanaokwenda sekondari kwa baiskeli wanajitupa majanini vilevile, na sare zao. Hivi karibuni palikuwa na mkutano wa kupanua barabara. Nilisimama, magoti yananiuma, nikaomba waache nafasi ya baiskeli pembeni. Nilizungumza vizuri, kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa. Kijana aliyetumwa kutusikiliza alitikisa kichwa kwa upole.

"Wazo zuri, bibi. Lakini wenye mashamba ya pembeni hawatakubali. Wana mikorosho yao."

Niliketi. Watu hao nawajua. Mmoja wao ndiye aliyenisomesha.