Kasuku wa Babu

Nilipokuwa mtoto pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi, siku yangu ilianza kwa kutukanwa na ndege. Nilikuwa na miaka kumi, na kumtunza kasuku ilikuwa kazi yangu, kwa kuwa dada zangu walishaolewa na mama alishinda kwenye cherehani. Nilifagia maganda ya karanga, nikakwangua mavi kwenye tundu, nikambadilishia maji ambayo aliyamwaga papo hapo huku akinitazama. Nikiingiza mkono, aliuma. Nikiutoa, alisema, "Mupumbavu!"

Alisema hivyo kwa sauti ya babu. Babu, mzazi wa mama, alikuwa mchuuzi kule kwetu Kindu, na ndege alikuwa wake. Babu alifariki njiani tukikimbia vita, kabla mimi sijajua kutembea. Bibi, tuliyemwita Koko, akafika Malawi na kasuku ndani ya kikapu. Kila ilipokaribia alasiri, ndege aliita, "Mama Zaina! Maji ya kutawaza iko wapi?" Koko, ndiye Mama Zaina, aliacha chochote alichokuwa akifanya, akajaza birika, akaliweka mlangoni. Hakuna aliyetawadha. Jioni niliyamwaga mimi, maji niliyoyapangia foleni bombani mimi mwenyewe!

Kisha kasuku akaanza kujinyonyoa. Kifua kikabaki uchi kama cha kuku wa kuchinjwa. Koko alikuwa amemweka chumba cha nyuma, pazia limeshushwa, kwa amri moja tu.

"Usimutoe inje. Macho ya bantu itabeba sauti yake."

"Lakini Koko, iko mugonjwa."

"Iko na huzuni. Na mi niko na huzuni. Benye huzuni banakaa ndani."

Utabishana vipi na mtu wa namna hiyo? Nilimwendea mama. Akasema, bila kuinua macho kwenye kitambaa, nimwache mama yake.

Siku moja nilimsindikiza mama kupeleka nguo za mteja mjini, mtaa wa Chilinde. Sokoni alikuwapo mzee mmoja aliyetibu mbwa na kuku. Kabla mama hajanivuta mkono, nilishamwuliza habari za kasuku. Akacheka, akanijibu kwamba ndege yule anataka jua, matunda, mboga za majani, na kunyunyiziwa maji. Gizani atajimaliza mwenyewe.

Basi nikawa namsubiri Koko alale baada ya adhuhuri, kisha nabeba tundu hadi uani. Watoto wa jirani walijaa. Mwendesha kabaza alisimamisha baiskeli yake, abiria akiwa bado amekaa nyuma, wakachungulia wote wawili. Nilimpa papai, akalitupa. Nilimpa majani ya maboga, akayachana. Nilipomnyunyizia maji alipiga kelele kama anayeibiwa. "Aa, we! Tulia basi! Mi nimechoka na we!" Nilimwambia hivyo kila siku, wiki baada ya wiki, huku manyoya ya kijivu yakirudi moja moja. Koko alipoyaona, alisema ni dua zake.

Siku hizo ndege alianza kuchelewa kuita, kisha akawa anapitisha siku bila kuita. Alasiri moja Koko alikaa kando ya tundu, akisubiri. Kasuku alinyoosha shingo.

"Aa, we! Mi nimechoka na we!"

Ilikuwa sauti yangu, na hasira zangu zote. Koko aligeuka akanitazama.

"Bantu bangapi balimuona?"

"Bengi, Koko."

Nilingoja kofi, na laiti angenipiga. Alisema tu, "Manyoya yake imekuwa mazuri," akaenda kuswali. Babu hakuita tena, siku ile wala baadaye.

Sasa naishi mjini, mtaa wa Area 23, nina watoto wangu, na nimewaeleza kwamba kasuku huiga sauti anayoisikia zaidi, kwamba macho ya watu hayabebi kitu. Naamini hivyo. Lakini Koko alisema tukimtoa nje sauti itaondoka. Nilimtoa, ikaondoka, na maelezo yangu yote hayakumpunguzia Koko uchungu wa kuipoteza.

Ndege alipona, na kwa hilo sijuti. Ninachojuta ni kwamba nilisubiri Koko alale. Ningemwamsha. Angegomba, tungevutana, pengine siku nzima, kisha ningemwekea kigoda pale juani karibu na tundu, amsikilize mumewe kwa siku zilizokuwa zimebaki.