Nyuzi za Mama Lenzi

Mama Lenzi alikuwa amepima mikojo ya wagonjwa kwenye maabara ya hospitali kwa miaka kumi na mmoja, na bakteria wake aliwajua nje ndani: vijiti vifupi, kila kimoja kikijigawa viwili. Asubuhi hiyo aliinamia darubini akakuta tena nyuzi ndefu kama tambi. Akafuta lenzi, akaandaa kioo kingine chenye tone la mkojo uleule. Nyuzi zilezile.

"Sampuli imeingia ukungu," alinung'unika, akavuta ndoo ya taka za kuchomwa.

Daktari mpya, wa umri wa mwanawe, alimzuia. "Ngoja kwanza, mama. Mgonjwa huyu ameanza dawa?"

"Tangu jana."

"Basi huo si ukungu, ni bakteria wako walewale. Bakteria hunakili DNA yake kwanza, ndipo ajigawe. Dawa imekwamisha kunakili, kwa hiyo anasubiri kujigawa huku akizidi kurefuka."

"Mpaka afe?"

"Wengine hufa. Wengine hurekebisha palipokwama, wakajigawa tena kama kawaida."

Mama Lenzi alikaa kitako. Kadudu kasiko na ubongo kanajuaje kwamba kazi yake haijakamilika? Naye mwenye ubongo, na miwani juu yake, mbona hakuwahi kuuliza?

Alifungua daftari la sampuli zilizotupwa. Ukurasa baada ya ukurasa alikuwa ameandika "ukungu", na pembeni, kwa mkono wake mwenyewe, "mgonjwa yuko kwenye dawa."