Bibi Dodoki na Mifuko ya Kijitoni

Pale kituoni, nyumba ya vyumba vitatu ukingoni mwa kijito, kila mtu alimwita Bibi Dodoki. Jina alilipata kwa kusugua. Miaka kumi na sita alikuwa mfagizi wa watu wa utafiti wa maji, na hakuna meza, beseni wala chupa ya kuwekea wadudu iliyomshinda kung'arisha. Kiburi? Alikuwa nacho cha kujaza gunia. Ukimwonyesha doa alilolisahau, hasemi nawe wiki nzima.

Kusoma alijifunza kwenye kisomo cha watu wazima, miezi mitatu tu, akaacha siku mwalimu alipomsahihisha mbele za majirani. Akabaki na silabi zake, anaziunga moja moja. Hilo hakumwambia mtu. Karatasi ikija, alivaa miwani ya marehemu mumewe, akaitazama kwa kitambo cha heshima, akasema, "Haya, nimeona."

Siku ya balaa mkuu wa kituo alimwambia asubuhi, "Bibi, kesho tuna wageni. Hata pale kijitoni sitaki kuona takataka."

"Umewahi kuziona nikiwapo mimi?" akamjibu, akashuka na ndoo.

Chini ya miti mikubwa, mahali jua lisipofika, alikuta mifuko ya neti imezamishwa majini, imefungwa kwa kamba kwenye mawe, imejaa majani yaliyooza. Ishirini na minne. Ukingoni palikuwa na kibao. Akavaa miwani. Ta. Ka. Ta. Ka. Takataka! Moyo ulimpanda kwa furaha. Neno refu namna ile, na kalisoma mwenyewe, bila mtu kumtazama mdomo. Kulikuwa na maneno mengine yakifuata, madogo madogo, hakuhangaika nayo. La kwanza lilishamtosha, tena lilikubaliana na agizo la mkuu.

Akaivuta yote. Uduvi walimrukia viganjani, kaa mdogo akambana kidole, vibuu vya kereng'ende vikajinyonganyonga juu ya majani. "Tokeni huko, wachafu nyie!" akawaambia, akakung'uta kila kitu kwenye shimo la taka, akatia majivu juu. Neti zilikuwa nzuri, aliona uchungu kuzitupa. Akazikata vipande vya kusugulia vyombo.

Saa nne yule binti mwanafunzi, aliyekuwa akichunguza wanyama wa kijito, alishuka na mabeseni yake. Alirudi mikono mitupu, akaketi kwenye ngazi ya jikoni kama aliyepigwa.

"Bibi, nani kachukua mifuko yangu?"

"Mifuko gani?"

"Ya majani. Kijito hiki kina kivuli, Bibi, ndani yake majani hayaoti. Chakula chake ni yale yanayodondoka kutoka juu. Uduvi na kaa wanayakatakata, makombo yanateremka, vibuu wanakula makombo, samaki wanakula vibuu. Nilitaka kujua, uduvi na kaa wakizuiwa, majani yatachukua muda gani kuisha. Mifuko nusu niliipa matundu makubwa waingie, nusu matundu madogo wasiingie. Kila mmoja niliupima kwenye mizani. Wiki sita, Bibi. Zilibaki siku mbili."

Bibi Dodoki alikuwa anaosha kikombe cha binti huyo huyo, na alichosugulia ni neti. Akaikunja ndani ya ngumi.

"Wezi siku hizi hawachagui," alisema. Sauti yake mwenyewe ilimshtua.

Lawama ikamwangukia mlinzi. Huyu alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, mtu wa mzaha asiyeweza kufunga mdomo hata anapopigwa.

"Ulilala," mkuu alimwambia.

"Mkuu, mimi nalinda geti. Kijito hakina geti. Ukitaka nilinde samaki, nipe mashua."

Mkuu hakucheka.

Kesho yake, wageni walipoondoka, mkuu aliwaita wote ofisini. Mezani palikuwa na karatasi moja na funguo za mlinzi. "Bibi, asubuhi wewe ndiye unayefika wa kwanza. Soma, kisha utie sahihi kama shahidi."

"Tia tu, shemeji," alisema mlinzi, midomo imemkauka. "Mwandiko wako mzuri, angalau nifukuzwe kwa barua ya kupendeza."

Akavaa miwani. M-li-nzi. A-li-la-la. Watu walingoja. Jasho lilimteremka shingoni, na safari hii alisoma hadi nukta ya mwisho, kidole kikitambaa kwenye mstari wazi mbele ya macho yao. A-a-chi-shwe ka-zi. Akaiweka kalamu chini.

"Hakulala. Mifuko niliitoa mimi."

"Lakini Bibi, kibao kipo!" alisema binti. "Nimeandika: takataka za majani, utafiti, usiguse. Takataka ndivyo sisi tunavyoyaita majani yaliyodondoka. Hukusoma?"

"Nilisoma neno la kwanza."

"Na mengine?"

"Yalikuwa mengi." Alijisikia kama kavuliwa nguo sokoni mchana kweupe.

Mkuu aliichana ile karatasi bila kumtazama. Mlinzi ndiye aliyemtazama. Alingojewa atanie, hakutania.

"Jana nimekula kwako, shemeji. Nimekulilia mezani kwako, wanangu nitawapeleka wapi. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ukaniongezea mchuzi."

Bibi Dodoki akavua miwani.

"Mimi hata herufi a siijui," alisema mlinzi. "Kila karatasi nauliza mtu. Wala sijafa." Akachukua funguo zake mezani, akarudi getini.

Bibi Dodoki alikwenda jikoni, akaleta vipande vya neti, akavipanga mbele ya binti, vikubwa kwa vidogo, vingine bado vina povu. Binti hakuvigusa. Alifungua daftari lake, akatafuta kalamu.

"Bibi, nisaidie kitu kimoja tu. Ulipoivuta mifuko, uduvi walikuwa wengi kwenye ipi? Yenye matundu makubwa peke yake, au hata kwenye matundu madogo waliingia?"

Alijaribu kukumbuka. Alikumbuka miguu yao ikimtekenya viganjani, na kaa aliyembana, na jinsi alivyowatukana. Walitoka kwenye mfuko gani, hakujua. Kalamu ya binti ilikuwa inamngoja.

"Sikuangalia, mwanangu," alisema.