Si Vyura Waliompasua Mdomo

Mwanangu, mfunue huyo mtoto uso, joto litamuua. Mimi mdomo kama huo naujua. Kaa kidogo nikusimulie.

Naikumbuka vizuri siku niliyomleta Saidi nyumbani, hapahapa mtaani kwetu Mayfair. Nilikuwa nimetoka Tanga kuja huku kusini mwa Afrika kusomea biolojia, na kazi yangu maabarani ilikuwa kuchunguza viinitete vya vyura, yaani vyura wanaoanza kuumbika ndani ya yai. Mtoto kazaliwa mdomo umepasuka hadi kwenye kaakaa. Shangazi yangu, niliyekuwa nikiishi kwake, akashika kichwa. "Si nilikwambia! Mimba nzima unawakodolea macho vyura, ulitegemea nini?" Akamfunika Saidi khanga, akakataza asitoke wala tusirudi hospitali, eti watu watatucheka. Naye kunyonya hawezi, maziwa yanatokea puani. Alikuwa akikonda mikononi mwangu, mimi nalia tu.

Akaja profesa wangu kunipa hongera, mama wa Kizulu ambaye sote tulimwita Gogo, yaani bibi kwa lugha yao. Nikamwambia vyura sigusi tena. Hakunibembeleza hata kidogo. "Eish! Umesahau ulichokiona mwenyewe kwenye darubini?"

Wallahi nilikuwa nimesahau. Kiinitete cha chura kikiwa kidogo kama punje ya mtama, pembeni mwa sehemu itakayokuwa ubongo kuna seli zinazongoja. Ndani yake zipo protini ambazo kazi yao ni kuwasha na kuzima jeni. Za kwanza huweka mpaka, kisha huziamsha nyingine, na hizo ndizo huziambia seli zile: nyinyi sasa ni kishungi cha neva, ondokeni mkajenge taya, mkaitie ngozi rangi. Tulipoizuia protini moja tu, viluwiluwi walitoka na taya zenye kasoro. Na uso wako wewe, mwanangu, nao umejengwa na seli za namna hiyohiyo.

"Kwa Saidi sijui kazi ilikwama wapi," Gogo akasema. "Ila macho yako hayafiki huko ndani. Mtoto ana njaa. Vaa viatu twende."

Nikavaa. Shangazi akasimama mlangoni, "Utatuaibisha!" Nikampita. Hospitali wakanifundisha kumlisha kwa chupa yake maalumu, na alipopata nguvu wakamshona. Shangazi alininunia sana, lakini siku Saidi alipomchekea, alilia kuliko sisi sote.

Basi nakuasa: usikubali kubebeshwa lawama ya jambo lililoanza hata hujajua kama una mimba. Wakikwambia ni kupatwa kwa mwezi, ni jicho la mtu, ni chura, waitikie kwa adabu, kisha mpeleke mtoto kwa daktari. Usimfiche, anahitaji kula. Leo hii nitakusindikiza mwenyewe.

Mwenyezi Mungu amkuze, akuite mama kwa mdomo wake, na akubishie mpaka uchoke. Amina.