Mahudhurio ya Vidole

Fundi cherehani wa mlango wa pili haanzi kazi kabla ya kuita mahudhurio. Anavua miwani, anafumba macho, kisha kwa kichwa cha pini anagusa ncha ya kila kidole, akinong'ona, "Yupo. Yupo." Mteja hata awe na haraka ya harusi, atasubiri. Wakati huo miguu imo ndani ya beseni la maji baridi, kwa sababu joto likizidi mishipa yake ya fahamu huzira kama mtoto. Kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo inayoishambulia mishipa hiyo. "Askari wangu ni wachapakazi," huwatania wateja, "ila hawamjui mwenye nyumba." Kidole gumba cha kushoto kiliacha kuitika mwanzoni mwa ugonjwa, siku hiyo alikishona pamoja na ukosi wa shati, asisikie maumivu, akashtuka alipoona damu.

Juzi alirudi kutoka hospitali alikotundikiwa dripu ya dawa yake. Wifi yake, aliyembebea kapu, alimtazama akiita mahudhurio mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Sasa wifi, hilo gumba limerudi?"

"Halirudi. Daktari aliniambia mapema, dawa haikuwekwa kumrudisha mtoro." Akakausha miguu kwa taulo, akavaa miwani, akatunga uzi kwenye sindano kwa jaribio moja. "Lakini huu mwaka wa tano wa dripu, wifi yangu, na wale tisa hakuna hata mmoja aliyemfuata."

Akakanyaga pedali.